Milimita Kumi na Tano

Asubuhi ya Juni, Mwanjelwa,
ukungu wa Loleza haujainuka,
chuma kinauma mkono kama kimetukanwa.
Lusekelo akaingia kinyumenyume na Mark Two yake:
rimu mpya, pana, za mkopo,
na tairi la nyuma likisugua shokapu
kila akikata kona.
"Fundi, zisukume nje. Nataka zijae fenda."

Mimi ni mkerezaji, si mshauri wa urembo.
Nikapima kwa kalipa, nikapima tena,
nikafunga kipande cha aluminiamu kwenye mashine.
Kisu kikaanza kumenya,
nyuzi za fedha zikajikunja miguuni
kama maganda ya viazi vya Uporoto.
Milimita kumi na tano:
unene wa kidole changu cha shahada,
kile ambacho mashine hii iliniachia.

Nilimwambia, ingawa macho yake yalikuwa kwenye simu:
kila gurudumu lina kitovu,
na kitovu hakidanganywi.
Spesa ikicheza hata unene wa unywele,
gari litatetemeka ukifika themanini
nawe utailaumu barabara.
Beba ndoo karibu na kifua,
kisha nyoosha mkono uibebe mbali;
ndivyo beringi itakavyojisikia kuanzia leo.

Akataka kubaki na stadi za zamani, fupi.
Nikashika nati, nikaizungusha mbele yake,
tukahesabu pamoja:
moja, mbili, tatu, nne.
Basi. Ikagota.
"Duru nne, Lusekelo.
Mtu hapandi mlima kwa kushika nyasi nne."
Akacheka. Akalipia stadi ndefu,
akidai punguzo mpaka getini.

Nilikaza kwa mshazari, huku kisha kule,
spana ya kipimo ikilia tak,
tak, kama mtu anayekubali shingo upande.
Nikamwambia la mwisho:
"Kilomita hamsini za kwanza nati hujitafutia makao.
Nenda Tukuyu, kunywa chai,
rudi nikukazie tena. Sitaki hela."

Nakiri, lilipendeza.
Lilisimama kama mpagazi
aliyepanua miguu kabla ya kutwishwa gunia.

Hiyo ilikuwa Jumatatu.
Leo Alhamisi.
Mvua ya rasharasha imeanguka Isyonje,
malori ya ndizi yanashuka yakinuka breki,
na mimi, ninayekereza vyuma vya watu
bila kuuliza vinakwenda wapi,
nanyamazisha mashine kila gari likipita.
Atuganile ameleta uji, akauliza nasikiliza nini.
Nimesema: hakuna.
Amekaa na kusikiliza pamoja nami.

Spana ya kipimo ingali mezani,
nimeifuta vumbi mara mbili.
Nati kumi. Dakika tatu.
Hata usizime injini, kijana,
pita tu.