Daftari la Kumgeuza

Shuleni tulikariri: kilimo ni uti wa mgongo wa taifa.
Uti wenyewe sikuwahi kuuona
mpaka daktari alipoinua picha dirishani
akaniuliza kama nimewahi kumenya muwa.
Ndiyo kazi yangu, nikamwambia, nauza miwa Buguruni.
Basi unajua pingili, akasema.
Hii, na hii. Hapa katikati pamepondeka.
Maji hayapiti tena.

Kibwana alianguka Jumanne, Kariakoo,
kutoka ghorofa ya nne ya jengo ambalo hata jina halikuwa nalo.
Mrunda uliteguka.
Nyamhanga, aliyekuwa akimpasia zege,
anasema alisikia ndoo tu.
Nyamhanga huyo huyo, siku ya kutoa ushahidi,
alikuwa na mafua.
Simlaumu. Ana watoto wanne,
na nyapara bado ni yule yule.

Kampuni haimjui.
Kibarua wa kutwa, hulipwa jioni mkononi,
jina liliandikwa kwa penseli,
na penseli ina ufutio wake kichwani.

Wakili Kokubanza hadai senti kabla ya hukumu.
Ana feni moja, na mafaili aliyoyafunga kwa kamba za viatu.
"Sheria haioni," aliniambia, "inasoma tu. Lete risiti."
Nikaleta: pampasi, mipira ya mkojo, godoro,
bajaji ya kwenda, bajaji ya kurudi.
"Na nini kingine?"
Kingine ni usiku, nikasema.
Usiku hauna risiti.
Akavuta mtoto wa meza, akanipa daftari la hesabu.

Saa nne: ubavu wa kulia.
Saa sita: chali.
Saa nane: ubavu wa kushoto. Umeme umekatika, nimepapasa.
Saa kumi: kulia. Ameniomba msamaha. Nimemwambia alale.
Miezi kumi na saba, madaftari matatu.
Kuna kurasa mwandiko umelala,
nami nimelala juu yake.

Baraza liko ghorofa ya pili, ngazi ishirini na sita.
Wapagazi wawili walimpandisha kwa elfu tatu kila mmoja,
wakimwita mzee. Ana miaka thelathini na mmoja.
(Hiyo nayo haikuwa na risiti.)

Wakili wa kampuni alikuwa mpole, ananukia sabuni ya ghali.
Alimtazama Kibwana kitambo, kisha akasema:
Mheshimiwa, ripoti yao wenyewe hii hapa.
Ngozi safi. Mgongoni hana kidonda hata kimoja.
Mtu aliyeumia kiasi wanachodai,
mwaka na nusu kitandani,
angekuwa mzima hivi?

Kicheko kilinipanda, kikakwama kooni.
Kokubanza hakujibu. Alifungua daftari la kwanza
akasoma, kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia:
Saa nne, kulia. Saa sita, chali. Saa nane, kushoto.
Akafunua ukurasa. Saa nne, kulia.
Karani akaacha kuandika.
Saa sita, chali.
"Yatosha, Wakili," mwenyekiti akasema.
"Bado mia tano na kumi na moja, mheshimiwa."

Kesi imeahirishwa. Tarehe nimeiandika ukutani kwa mkaa
chini ya zile tano.
Sijui watampa ngapi. Wana jedwali:
mguu una bei yake, miguu miwili ina bei yake.
Nilitafuta pale alipokuwa akinishika kiuno kwa nyuma
nikizungusha mashine ya miwa.
Haimo.

Leo saa nane umeme upo.
Nimemshika begani na nyongani. Amefumbua macho.
"Umeandika?"
Geuka kwanza, nimemwambia,
kana kwamba ni yeye anayegeuka.