Wazito Ndio Hubaki

Dakika kumi tu, asema Gulbeniz, akipindua saa ya mchanga,
zaidi ya hapo moyo hulemewa.
Najishusha hodhini, ndani ya mafuta ghafi
yenye vuguvugu la maziwa yaliyosahaulika mekoni.
Kwa mbali ni meusi. Ukiyakaribia, yana ukijani uliochacha.
Magoti yangu yanatoweka kabla yangu.

Hapa Naftalan watu huja wakichechemea.
Ukumbini yametundikwa magongo ya waliopona;
juzi niliyahesabu, nikafika arobaini na tatu, nikaacha.
Imani sina. Nina maumivu.

"Bi Solmaz, wewe ulikuwa maabara kule Baku.
Mwaka wa tisa huu nakwangua watu mafuta haya.
Hebu niambie: ndani yake mna nini?"

Miaka thelathini na mmoja nililijibu swali hilo kwa namba,
namba nne, jumla yake isizidi mia.
Unamimina heptani juu ya sampuli, unatikisa, unalala, unaamka.
Kilichokataa kuyeyuka kimezama: unga mweusi, asfaltini.
Kilichokubali unakiteremsha kwenye mrija wa alumina
na kila kiyeyusho kinaita wa kwake.
Wa kwanza kutoka ni wasio na mzigo,
kaboni zilizoshiba hidrojeni, hazitamani kitu, hazimshiki mtu,
zinapita bila rangi, bila kwaheri.
Tolueni inawafuata wenye pete na harufu,
manjano ya chai ya pili.
Nyuma kabisa utomvu, hudhurungi,
unaong'ang'ania mrija kama mdai mlangoni
hadi umbembeleze kwa metanoli.

"Na haya yetu?"
Haya yenu, Gulbeniz, petroli hayana.
Wanasema aliyeyachimba mwanzo alitaka ya taa,
akawasha, yakamtolea moshi na madeni.
Kaboni zake nyingi zimeshikana mikono duara,
zimeshiba, zimefunga mlango.
Labda ndiyo maana yanatulia juu ya ngozi.
Labda. Goti halisomi fomu za maabara.

Mume wangu Agarza alikuwa mtu wa lami.
Alirudi jioni na weusi chini ya kucha,
nami nilikuwa na weusi uleule, wa kwangu wa chupa ndogo.
Tuliumega mkate kwa mikono hiyo.
"Yako ni mafuta," alinitania, "yangu ni barabara."
Nikamwambia: ni ukoo mmoja.
Jua na vijidudu huwachukua wepesi,
wengine tunawachemsha sisi wenyewe wakapaa mnarani;
wanaobaki chini, wazito, wenye salfa, wenye kinyongo,
ndio lami. Ndio wanaobeba malori.
Alicheka sana. Hakujua, wala mimi sikujua,
kwamba nilikuwa nikiieleza nyumba yetu:
mmoja Rotterdam, mmoja Aktau,
na yeye mwenyewe, mwezi wa Februari,
mwepesi kuliko wote.

Mchanga umefika shingoni mwa saa.
Lipo jambo moja halikuwa na nafasi kwenye fomu, namwambia.
Humo wazito wanamotuama mna kipete
cha kaboni na naitrojeni,
katikati yake kaketi vanadi, au nikeli, kama mpangaji.
Nyumba si yake. Ilikuwa ya jani.
Pale alipokaa aliketi magnesi, akinywa jua,
bahari ambayo hakuna aliyeipa jina.
Na damu yako ina nyumba ya ramani ileile,
ila aliyepanga ni chuma.

Gulbeniz ananyamaza.
Ananiinua kwa kwapa, mafuta yakinidondoka kama vazi la mtu mnene,
anachukua kile kijiko cha kuvalia viatu,
anaanza begani, taratibu, anarudisha kila tone hodhini.
Nyuma ya sikio yatabaki siku tatu, najua,
na shuka la hoteli litanishtaki.

"Kumbe nakwangua majani," asema.
Kisha: "Geuka. Lete lile goti bovu."