Shuka Kumi na Tisa

Mimi ni mhasibu. Sikuja hapa kwa wito.
Niliona tangazo la kazi, nikauliza mshahara,
nikapewa ofisi chini ya ngazi za jengo kongwe
la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Zita,
katika bonde la Pennsylvania lililokwisha makaa,
ambako theluji ikiangukia vifusi vya mgodi
haifiki adhuhuri ikiwa nyeupe.

Ofisi yangu ilikuwa chumba cha kufulia.
Sakafu bado imeinama kuelekea mfereji,
kalamu ikiniponyoka najua itakakokwenda.
Wakati wa joto kuta hutoka jasho
lenye harufu ya magadi,
kana kwamba kuna mtu amefua jana.

Wageni hawaletwi huku.
Wao huoneshwa madirisha ya vioo vya rangi,
na lile neno TUMIKIA kwenye marumaru ya lango,
herufi za dhahabu.
Ankara yake niliilipa mimi.
Naijua bei ya kila herufi.

Jumatano ya Majivu, nikitafuta stakabadhi za paa,
nikafungua kabati ambalo ufunguo wake haukuwahi kuwa na jina.
Daftari. Mwaka elfu moja mia tisa na kumi na mbili.
Mwandiko wa Sista Bohumila, Mslovakia,
umelala upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo:

*Hoteli ya Stesheni, shuka arobaini, senti themanini.
Kwa meneja wa mgodi, vitambaa vya meza kumi na viwili;
doa la mvinyo, ongeza senti tano.*

Kurasa na kurasa za povu.
Katika povu hilo likatoka dawati,
ikatoka darubini ya kwanza,
wakatoka mabinti wa wachimbaji wanaojua Kilatini,
na masista wenye vidole vilivyopasuka
wakishika rozari kwa viganja.

Halafu mwezi Machi, mstari mmoja:

*Shimo namba nne. Shuka kumi na tisa, mpya.
Hazikurudi.*

Nikatazama safu ya bei.
Hakuandika sifuri. Aliacha patupu.
Watu wa kazi yangu wanajua tofauti:
sifuri ni hesabu iliyofungwa.

Juu ya meza yangu ilikuwapo barua ya Bwana Prendergast,
mwenyekiti wa bodi, mtu mwema, mwenye haraka:
zahanati ya wanafunzi inakula nini?
Nieleze kwa ukurasa mmoja.

Inakula Alhamisi za Odalys Peguero, mwaka wa tatu, uuguzi,
apandaye kilima na mtungi wa hewa mgongoni
hadi kwa Emil Hrinko, ambaye pafu lake moja
alilisahau chini, husema, pamoja na koti.
Inakula mashine za oksijeni kumi na moja,
zilizoazimwa nyumba kumi na moja.
Tatu zimerudi.

Akaingia Odalys mwenyewe, kipaji kina msalaba mweusi,
anataka sahihi ya mipira ya kupumulia.
“Na ile ya Mzee Hrinko?” nikamwuliza.
Akasema binti yake hajaweza kuizima.
Mzee amezikwa Jumatatu,
nayo bado inavuma pembeni mwa kitanda kitupu.
“Niende kuichukua?”

Asubuhi ile padri alikuwa amenipaka nami jivu,
akasema mimi ni mavumbi, na mavumbini nitarudi.
Nilikuwa nimeitikia huku nikiwaza kodi.

“Iache,” nikasema. Nikaweka sahihi ya mipira.

Kisha nikavuta karatasi ya Bwana Prendergast,
ukurasa mmoja, kama alivyotaka,
nikaandika: *Mashine nane. Hazikurudi.*
Safu ya bei nikaikwepa.
Mkono ulinitetemeka; miaka ishirini
sijawahi kuacha patupu.

Nikanawa wino kwenye sinki la zamani.
Maji yakafurika kidogo, yakamwagika sakafuni,
yakaenda, bila kuelekezwa, upande wa mfereji.