Siku Niliyoyakataza Maji

Mpira ulilala miguuni pangu, mkavu,
kama chatu aliyekwisha kula.
Nyuma ya gari, ziwa zima.
Mbele yetu, lori limelala ubavu njia ya Mwaloni,
mapipa ishirini na moja ya dawa ya maghalani,
matatu yamepasuka,
vidonge vya kijivu vimetapakaa lamini
kama peremende za harusi.

Watoto ndio walioviona kwanza.

Ubavuni mwa pipa: pembenne ya buluu, ulimi wa moto ndani yake,
na chini, fuvu.
Koplo Lukelesha akafungua kitabu, kidole kikashuka, kikashuka,
kikagota.
Kisiguswe na maji, akasoma. Kinazaa hewa ya kuua.
Akafunga kitabu. Hata jasho, Kabula. Hata mate.

Nilizaliwa Magu, mvua ikipenya nyasi za paa,
wakanipa jina la hiyo mvua.
Miaka sita kila mwito nimeuitikia kwa maji:
vibanda vya Makoroboi, godoro la Igogo,
mbao za Buhongwa zilizowaka usiku kucha.

Na mji wetu ukitaka kukusaidia, huja na ndoo.
Walikuja: wachuuzi, wapakuzi,
kijana wa mkokoteni na madumu yake tisa.
Nikatanua mikono kama golikipa.
"Zimamoto! Mmekuja tena bila maji!"
Kicheko kikapita mdomo hadi mdomo.
Tangi lilikuwa limejaa hadi shingoni.
Siku lililojaa ndiyo siku lisiyotakiwa.

Kitabu kiliongeza: hewa hiyo hunuka kitunguu saumu,
au samaki aliyeoza.
Lukelesha akanitazama. Nikamtazama.
Mwaloni, saa nne asubuhi,
utamwambia nani akimbie harufu ya samaki?

Nshoma, wa meza ya tatu, ndiye aliyesita.
Akatua ndoo. Akanusa mara moja,
kama anayeonja mchuzi wa mkwe.
"Huyu si wangu," akasema.
"Dagaa wangu nawajua wakiwa wazima, nawajua wakioza.
Huyu hakuwahi kuwa na magamba."
Kisha akapaza ile sauti yake ya mnada,
na soko lisilonisikia mimi na kipaza sauti changu
likamsikia yeye, likainuka,
likaelekea upepo unakotoka,
mizani zikiachwa zinaning'inia.

Upande wa Ukerewe wingu likaanza kuvimba.

Mchanga! Lakini wa ufukweni umelowa.
Ndoo zimelowa. Viganja vimelowa.
Fundi Mashauri akakumbuka chumba chake
chenye bati na kisicho na mlango,
mchanga wa lipu umekaa humo tangu mwaka juzi
ukisubiri hela.
Tukaubeba kwa viroba vya unga,
barakoa zikitukoromea masikioni,
koleo kwa koleo kijivu kikazikwa,
turubai juu, mawe juu ya turubai,
na tone la kwanza likaniangukia begani.
Wajina, nikaliambia, ningoje.
Likangoja kidogo. Kisha likaleta wenzake.

Turubai lilihimili.
Utingo, Ndalahwa, sijui.
Kabla hatujafika alikwisha kuzoa vidonge
kwa mikono yake ya jasho, akiokoa mali ya tajiri.
Yuko Bugando. Mama yake ameniuliza
kwa nini hakuna aliyemmwagia mwanawe maji.
Sina jibu fupi.

Usiku nikarudi Nyasaka, nikafungua bomba ninawe.
Likakohoa. Likatoa upepo.
Wiki ya tatu hii, na ziwa linaonekana dirishani.
Nikasimama pale, viganja nimevikinga,
nikicheka, sijui kwa nini,
mpaka jirani akabisha hodi,
ana ndoo.