Mpikaji Hayumo Pichani

Kidato cha pili, Amukura, kipindi cha mwisho kabla ya githeri.
Niliwaonyesha picha: muhuri wa udongo kutoka Iraki,
mdogo kama kidole gumba, umri wake maelfu ya miaka.
Watu wawili wameketi. Katikati chungu. Mikononi mirija.
"Hawa ni akina nani?" nikauliza.
Ekirapa wa dawati la nyuma, asiyejibu kitu tangu Januari,
akanyanyuka: "Mwalimu, hao ni Wateso."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Nami nikaanguka nalo.

Kisha nikawapa yaliyobaki, maadamu kicheko kimefungua masikio:
kwamba maandishi ya kale kabisa, mengi yake
si sala wala sifa za wafalme, ni hesabu tu:
shayiri kiasi gani, pombe kiasi gani, nani kapewa.
Kwamba kule Misri kibarua wa mawe alilipwa mkate na bia.
Kwamba Wasumeri walikuwa na mungu wa kike wa pombe,
na ndani ya utenzi wa kumsifu mna namna ya kuipika.
Na kwamba Kiswahili, kwa ujanja wake,
kimewapa ndovu na kileo jina moja, tembo,
maana wote wawili hukuangusha usipowapisha.

Jumamosi nikapanda kilima na picha ile kwenye simu.
Tata Asekenye yuko uani, anakaanga unga wa wimbi uliochachuka
juu ya bati lililong'olewa paa la zamani.
Moshi unamchokoza macho. Hana habari nao.

"Mchoro wa nani?"
"Wa kale, Tata. Kabla ya Yesu."
Akafuta kidole kwenye leso, akaikuza picha kama nilivyomfunza.
"Huyu mmoja kashika mrija kwa kushoto."
Kimya.
"Lakini wamekaa vizuri. Hakuna anayechungulia chunguni."
Kimya tena, bati likialika.
"Na anayeongeza maji moto, yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilisomea historia miaka minne Maseno
na hakuna mhadhiri aliyeuliza
maji yalichemshwa na nani.

Nikakimbilia habari za vibao, zile hesabu za udongo.
Akaondoka bila neno, akaniitia nyuma ya mlango wa jikoni.
Mistari ya makaa ukutani, mafungu mafungu:
Okisai, minne. Emuria, saba, na mmoja wa nusu.
Huu ni muhula wako wa kwanza. Hii ni sare, na viatu.
Hapa pengo: mwezi askari wa chifu walipomwaga vyungu vitatu
na kuku wakalewa, wakatembea uani kwa heshima
kama wazee wa kanisa wanaotoka harusini.
"Okisai alikufa hajalipa," akasema.
"Sikumfuta."

Akagusa mstari kwa kidole kilekile
kilichochovya ajono siku niliyopewa jina,
kikatiwa mdomoni mwangu nisiye na meno:
Amoding? Nikageuza uso.
Atyang? Nikatema.
Akiru,
nikanyonya.

Jioni wakaja watano, kila mmoja na mrija uliomzidi urefu.
Chungu katikati, viti vya miguu mifupi, mbwa chini ya kimoja.
Nilikuwa nimeleta daftari, niandike sheria zao:
usipulize, usipige chafya na mrija mdomoni,
ukitoka kujisaidia mwachie jirani akushikie.
Sikufika ya nne.
"Akiru, maji!"

Nikaja na birika. Nikainama kati ya mabega mawili,
nikamimina polepole, povu likapanda kahawia.
Mvuke ukanijaa usoni.
Hakuna aliyeinua macho.
Emuria alikuwa katikati ya kisa cha ng'ombe wake
aliyevuka mpaka wa Uganda peke yake, bila kitambulisho,
na kurudi na ndama.