Vipande Vitatu Sakafuni

Fundi Zdravko alikuja Jumanne na vipande vitatu,
akavipanga sakafuni jikoni kama mtu anayegawa karata:
jiwe la kijivu la Karst, lenye konokono wa kale aliyelala ndani yake;
chuma cheusi, chembamba kama neno "hapana";
na ubao wa mwaloni, ungali unanuka siki.
"Kaeni navyo," alisema. "Msichague kwa macho.
Macho hayapandi ngazi."

Tukakaa navyo wiki sita.
Chuma hakikupata wa kukitetea ila paka,
kwa kuwa jua la saa nne hukifikia kwanza.
Mume wangu Ljubo akahesabu:
vidato kumi na tano, kila kimoja na bei yake,
na ukuta wa chini uimarishwe kabla,
maana jiwe halibebwi na mapenzi.
Aliandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
akafuta, akaandika tena. Ikatoka ileile.

Mama mkwe akavua soksi.
Akasimama juu ya jiwe, akahesabu mpaka ishirini,
na goti lake la kushoto likatoa hukumu:
"Baridi hii naijua. Baba yenu analala chini yake."
Akaenda kumenya viazi.

Aljaž, mwanangu, miaka kumi na saba,
asiyejua hata viatu vyake amevitupa wapi,
ghafla akawa bingwa wa ujenzi.
Jiwe, mama. Jiwe hudumu. Jiwe ni urithi,
babu yake babu alilichonga machimboni.
Alisema kwa ufasaha mpaka nikamshuku.

Usiku, upepo wa burja ukitikisa vigae,
nililala nikiisikiliza ngazi kuukuu ya msonobari,
hiyo hiyo tunayotaka kuivunja.
Kidato cha tatu: kikohozi.
Cha saba: mlango wa kabati.
Cha kumi na moja: mtu anayejizuia kucheka.
Saa nane na dakika kumi.
Nikamjua mwanangu kwa mlio wa ubao,
kama mama mkwe alivyomjua mumewe miaka arobaini,
na kama alivyojua, usiku ule mmoja,
ngazi ilipokosa kulia.

Jiwe lingenyamaza.
Jiwe halimsemi mtu.

Asubuhi nikatamka: mwaloni.
Ljubo akashusha pumzi, akaikunja bahasha yake,
akanibusu kwenye paji la uso kwa sababu isiyo sahihi.
Aljaž akatazama ndani ya kikombe cha chai.
Mama mkwe akavaa soksi, polepole, mguu mmoja, kisha mwingine.

Wahenga walinena, mpanda ngazi hushuka.
Hawakutaja anayelala macho akimsikiliza.

Sasa ni Aprili, kazi imekwisha.
Jiwe la sampuli tumelibakiza, linazuia mlango
burja isiubamize.
Lakini ngazi mpya hailii!
Imebana, imenyooka, imejaa gundi na majivuno.
"Ipe miaka miwili," asema Zdravko, "mbao hujifunza kuongea."
Miaka miwili, na mwanangu atakuwa Ljubljana,
ghorofa ya nne, kwenye jengo lenye lifti.

Kwa hiyo nilimvuta fundi pembeni, karibu na gari lake,
nikamwomba kitu ambacho Ljubo hakijui:
kidato cha saba,
alegeze skrubu moja.