Swali la Nne

Kabla ya moto walitufundisha kukunja.
Mpira wa mita ishirini na tano, ukilowa,
ni mzito kama ng'ombe aliyegoma josho.
Unaukunja katikati, unausukuma kwa goti,
viungio vya shaba vikaribiane visigombane,
na ukikosea, Sajini Ng'wigulu anaupiga teke
ufunguke uwanja mzima mpaka kwenye magugu.
Haya, upya.

Wa kuokolewa tulimwita Shemeji:
gunia lenye mikono, miguu, kilo sabini za mchanga wa ziwa.
Kila asubuhi yumo ndani ya kontena, kalala,
kila asubuhi moshi wa majani mabichi umemfunika.
Tambaa. Hewa nzuri iko chini, karibu na sakafu,
kama chenji iliyoanguka.
Mkono wa kulia usibanduke ukutani.
Nilimburuta Shemeji mara arobaini na moja;
hakuwahi kusema asante.

Kwilasa alitoka siku ya tatu, akatapika,
akaiweka helmeti juu ya nguzo ya lango, taratibu,
kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani,
akashika njia kwa miguu kuelekea Igoma.
Hatukumcheka.
Usiku ule Nyanzobe alinihoji mafundo gizani,
kwa kamba ya chandarua, mpaka vidole vikajibu vyenyewe.

Mtihani wa maandishi, swali la nne:
*Gari limeishia barabarani. Nyumba inayoungua
iko juu, mita mia mbili sabini na tano.
Taja idadi ya mipira.*
Nikasikia kalamu zikigawanya. Kumi na mmoja.
Lakini mimi nyumba hiyo naijua.
Iko Mabatini, kwetu,
bati limekalia jiwe, jiwe limekalia jiwe,
na njia yake inapita nyuma ya choo cha kina Mbula,
inazunguka mwamba tulioteleza utotoni hadi sketi zikatoboka,
kisha inarudi kushoto pasipo sababu.
Nikaandika kumi na minne.

Alama mbili zikaenda.
Cheti nikakipata hata hivyo: muhuri wa bluu,
jina la baba limekosewa herufi moja.
Sajini akaniita kando ya tangi.
Kwa nini kumi na minne?
Afande, mpira haupai. Unazunguka jiwe.
Akatazama kilima, akatazama ziwa,
maji yote yale, yamelala bure chini yetu,
akasema: Jumamosi.

Jumamosi tukapanda.
Watoto waliubeba mpira begani kama chatu aliyekufa,
wakihesabu viungio kwa sauti, wakikosea, wakirudia.
Wa kumi na moja uliishia chooni kwa kina Mbula.
Wa kumi na nne ukagota mwambani.
Wa kumi na tano ndio uliouona mlango wa mama.
Umekosa wewe, na karatasi imekosa,
akasema sajini, akaandika kiganjani mwake.

Chini, dereva akafungua.
Mpira ukajaa, ukajinyoosha, ukapanda ukitweta
kiungio kwa kiungio,
na kila mita kumi za kilima pampu ikakatwa kodi.
Nikatanua miguu kama nilivyofundishwa,
nikakaza kiwiko ubavuni,
nikasubiri kishindo.

Maji yakatoka membamba,
kama ya birika la kunawisha wageni.

Hakuna aliyesema kitu. Kuku mmoja alisogea, akanywa.
Mama alilitazama lile bomba,
akanitazama mimi na buti zangu mpya,
akaingia ndani, ambako cheti kilikuwa tayari ukutani.
Akatoka na ndoo.
Akakinga.